Ufunguo wa Nyumba ya Ndiva

Hapo zamani, si ile zamani ya mazimwi na vibuyu vinavyosema, bali zamani ya karibu ambayo babu zenu bado wanabishana juu yake, palikuwa na mji wa mlimani uitwao Ngulunde. Tegeni masikio. Mwenye usingizi aende akalale kwao, maana mwishoni mtaulizwa, na aliyesinzia asije akawa wa kwanza kujibu.

Juu ya mji huo palikuwa na chuo kikuu. Chini yake palikuwa na shule ya sekondari. Katikati palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la wenyeji, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Usiku linakusanya maji ya chemchemi, asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwenye tangawizi na maharage. Na ndiva ya Ngulunde ilikuwa na ugonjwa wake: kila mwaka ilivuja. Kila mwaka, Jumamosi baada ya Jumamosi, watu waliitwa msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kila kaya huja na jembe lake. Wakaziba. Mwaka uliofuata ikavuja tena.

Watu wa Ngulunde walikuwa na desturi juu ya msaragambo. Asiyekuja na jembe, asije na mdomo. Hiyo moja. Nyingine ni hii: wakijenga nyumba ya wote, ufunguo anakabidhiwa mtu mmoja, hadharani, makande ya mahindi na maharage yakiwa yameshapakuliwa, na hakuna anayeonja punje kabla ufunguo haujapata mkono. Mtu mmoja, si wawili. "Ufunguo wa watu watatu," walisema, "hupotea siku ya kwanza, na kila mmoja huutafuta mfukoni mwa mwenzake."

Basi katika ile shule ya chini alikuwapo mtunza stoo, jina lake Namsifu. Mjane, mfupi, mkavu kama kuni ya mkaratusi, na kama kuni ya mkaratusi, alishika moto upesi. Kiunoni alining'iniza funguo kumi na moja, kwa hiyo alisikika kabla ya kuonekana. Wanafunzi walimwita Bibi Stoo. Darasa la saba ndilo lililokuwa la mwisho kwake, lakini hakuna kitabu kilichoingia stoo akakigonga muhuri kabla hajakisoma mpaka jalada la nyuma.

Vijana waliokaribia kumaliza shule walikuwa wanakuja dirishani kwake mmoja mmoja.

"Bibi, mimi niende wapi?"

"Mimi ni kibao cha barabarani? Njoo msaragambo Jumamosi."

Jumamosi kijana anakuja na jembe. Namsifu anakaa juu ya jiwe, anamenya maharage, anatazama. Haulizi swali. Anatazama nani anahesabu majembe, nani anawapatanisha waliogombana, nani anampelekea mzee maji kabla hajaombwa. Jioni anamwita kijana. "Wewe nenda ukasomee hesabu za watu." Au, "Wewe mikono yako ni ya mbao." Wakaenda. Na wengi wao, ukiwakuta leo, watakwambia hawakujuta.

Huko juu chuoni nako palikuwa na kazi hiyohiyo, ila kwa karatasi. Alikuwapo mhadhiri mmoja, Daktari Elinihaki Mbonea, aliyefundisha washauri, watu wa kupelekwa mashuleni kuwasaidia vijana kuchagua masomo na kazi. Daktari Mbonea alikuwa mtu mwema. Aliandika fomu yenye maswali sitini. *Je, unapenda kufanya kazi ndani au nje? Je, unapenda watu au vitu?* Akawapa wanafunzi wake, wakaenda nazo shule zote za mlima.

Sasa, katika mlima ule mtoto akiulizwa na mkubwa "unapenda nini," kwanza humtazama mkubwa ajue kitakachompendeza. Si uongo. Ni adabu. Basi vijana wakamtazama aliyewaletea fomu. Ni nani? Ni mshauri. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Katika vijana mia mbili na kumi na wawili, mia moja na sitini waliandika kwamba wanataka kuwa washauri. Shule moja tu ndiyo iliyotofautiana. Siku hiyo mvua ilinyesha, mshauri akaingia darasani na viatu vya mpira, na vijana arobaini wakaandika kwamba wanataka kuwa wakulima.

Daktari akachora picha ya majibu hayo kwa rangi nne, akaipeleka mbele ya Baraza la Chuo. Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Senzighe, aliyewahi kuwa karani wa mahakama na hakuwa na haraka na jambo lolote, akaitazama picha ile kushoto, akaitazama kulia.

"Kwa hiyo, Daktari," akasema, "mlima mzima tutakuwa tunashauriana. Nani atapika?"

Wakacheka, lakini uamuzi wao haukuwa wa kicheko. Mzee Senzighe akasema: "Nionyesheni kijana mmoja. Mmoja tu! Aliyeshauriwa na watu wenu akaenda pasipompoteza, na mji ukaona faida. Nawapa miaka sita. Asipopatikana, somo hili linafungwa."

Ndipo Daktari Mbonea akateremka mlima kwa miguu, akasimama dirishani kwa Namsifu.

"Hodi, Mama."

"Karibu. Chaki zimekwisha."

"Sikufuata chaki. Mimi ni Daktari Mbonea, natoka chuoni."

"Daktari! Afadhali. Goti hili la kushoto, likipiga baridi..."

"Si daktari wa magoti, Mama. Wa vitabu."

"Aa," akasema Namsifu. "Basi pole."

Daktari akavua miwani, akajifuta jasho. "Nimesikia unawajua vijana."

"Nawajua. Wananiibia kalamu."

"Nimekuja unifundishe, mimi na wanafunzi wangu."

Miaka ishirini na miwili Namsifu alikuwa dirishani pale, na hakuna mtu wa kule juu aliyewahi kumwambia neno hilo. Waliomjia walisema lete, weka, hesabu, saini hapa. Likamfurahisha, na kwa kuwa hakutaka furaha ionekane, akapiga kelele: "Nikufundishe nini mimi? Njoo Jumamosi! Na jembe! Na hao watoto wako wavae nguo za watu!"

Jumamosi wakaja, Daktari na wanafunzi wake tisa. Miongoni mwa hao tisa alikuwapo mmoja mkubwa kuliko wenzake, miaka thelathini na moja, mabega kama mlango. Namsifu akamtazama, akamtazama tena.

"Wewe si Kalutu? Si nilikwambia uwe mwashi?"

"Uliniambia, Mama. Nikawa. Miaka minane."

"Sasa huku unatafuta nini?"

"Mama, kila nyumba niliyojenga ina ukuta mmoja uliopinda. Ni ule niliokuwa naujenga mwenye nyumba akinisimulia shida zake."

Watu wakaangua kicheko. Namsifu hakucheka. Aliikumbuka siku ile: kijana Kalutu anabeba mawe makubwa kwenye ukuta wa ndiva, anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi, hachoki. Akasema huyu ni mwashi. Hakuona kwamba juu ya ukuta ule walikaa wazee wakilia shida zao, na kijana alibeba mawe ili apate sababu ya kusimama karibu yao.

"Niliona mawe," akasema polepole. "Sikuona masikio. Mbona hukurudi kuniambia?"

"Na wewe, Mama, mbona hukurudi kuniuliza?"

Namsifu akachukua muhogo wake wa kuchoma, akaukata katikati, akampa Kalutu nusu. Kwa Namsifu, huo ulikuwa mkataba.

Wakaanza kazi. Namsifu anatazama, Daktari anapima, na Kalutu yuko katikati na daftari.

"Huyu ni mtu wa mizani," Namsifu anasema.

"Umeonaje, Mama?" Kalutu anauliza.

"Nimeona tu!"

"Umeona nini?"

"Nimeona... wewe Kalutu ni funza mguuni! Nimeona alipogawa maji alirudi nyuma kutazama kama vikombe vimelingana. Haya, andika, uniondokee."

Kalutu akaandika. Kila Jumamosi aliandika. Na Namsifu, akiulizwa hivyo wiki baada ya wiki, akaanza kuelewa mwenyewe namna anavyoona. Hicho kitu kilimfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Halafu Daktari akaharibu.

Aliandika makala juu ya kazi ile, ikachapwa katika jarida la chuo, naye akaliteremsha mwenyewe mpaka dirishani akiwa na furaha. Namsifu alisoma kila kilichoingia stoo, na hicho akakisoma. Ukurasa wa kwanza, jina la Mbonea. Wa pili, Mbonea. Wa nne, akakuta: *mtoa taarifa, mwanamke, miaka hamsini na miwili, elimu ya msingi.*

"Mbonea!" Hakusema Daktari. "Huyu mtoa taarifa ni nani?"

"Mama, ndivyo tunavyoandika sisi. Tunaficha jina ili kumlinda mhusika..."

"Kumlinda na nini? Na jina lake?"

Dirisha likafungwa. Likafungwa wiki tatu. Walimu wakaandikia vipande vya mkaa.

Jumamosi ya nne, msaragambo ulipoitwa, Daktari akaja peke yake. Alibeba jembe jipya ambalo mpini wake bado umezungushiwa karatasi ya dukani. Hakusalimia mtu. Akachimba asubuhi, akachimba mchana, malengelenge yakatoka, yakapasuka. Namsifu alikuwa juu ya jiwe lake, anamenya maharage, anatazama. Saa kumi jioni akashuka na kikopo cha samli.

"Lete mikono. Unachimba kama unaandika."

"Nimeiandika upya, Mama. Jina lako ni la kwanza."

"La kwanza limezidi," akasema Namsifu huku akimpaka samli. "La pili linatosha."

Ndivyo alivyosema. Lakini usiku huo, na siku nyingi baadaye, ni lile la kwanza alilolikumbuka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mtanziko unapoanza kusukwa.

Alikuwapo msichana wa kidato cha nne jina lake Nakunda. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alilima tangawizi. Hesabu zake zilikuwa za chini, jiografia ya chini, na walimu walimwita Nakunda wa nyuma kwa sababu alikaa nyuma. Akaja msaragambo na jembe lake, akachimba kidogo, kisha wakamwona amechutama ukingoni mwa ndiva anatupa majani makavu majini.

"Mvivu huyo," watu wakasema. "Anacheza."

Namsifu akasimama. Akamwona akitupa jani, anangoja. Jani linazunguka, linazunguka, linasogea pembe ya mashariki, linatulia na kutetemeka. Anatupa jingine kutoka upande mwingine. Linazunguka, linakwenda palepale. Kumbe watu walikuwa wanaziba ukuta wa kusini palipolowa kwa nje, na maji yanaingilia mashariki, yanatembea ndani ya ukuta mpaka yatokee kusini.

"Huyu ni mtu wa maji," Namsifu akasema. "Awekwe kwenye mifereji, awe msimamizi wa zamu."

Namsifu aliona.

Daktari hakuridhika. Akachukua ndoo, akaitoboa tundu, akamwita Nakunda. "Ndoo hii itaisha maji baada ya muda gani? Na nikitoboa tundu la pili?" Nakunda akatazama, akajibu bila kalamu. Wakapima kwa saa: sawasawa. Kisha Daktari akampeleka darasani, akamwambia asome hesabu aliyoiandika ubaoni. Msichana akakunja macho, akakunja, akasema, "Shikamoo." Alifikiri amesimama mtu pale.

Miaka minne Nakunda alikuwa anasoma ubao asiouona. Daktari akamtafutia miwani, akampima tena kwa miezi mitatu, kisha akasema: "Mama Namsifu, mfereji ni mdogo kwa huyu. Huyu asomee uhandisi wa maji. Na hesabu anaziweza, nimezipima."

Daktari alipima.

Barua ikaandikwa, nafasi ikapatikana katika chuo cha maji mkoa wa mbali. Namsifu akafurahi, Daktari akafurahi, wakashikana mikono. Wakasema, tumemaliza. Wakageukia vijana wengine.

Kalutu peke yake ndiye aliyesema, "Nitarudi kumwona." Baada ya wiki mbili akarudi. Akakuta ile barua iko chini ya mkeka. Mama yake Nakunda alikuwa amekataa. "Baba yake," alisema, "siku anakata roho alisema mtoto huyu asomee kutibu watu. Awe muuguzi. Mimi ni nani nigeuze neno la marehemu?"

Kalutu hakubishana. Akakaa, akavuta ungo, akamsaidia kupepeta maharage. Jumamosi iliyofuata akarudi, akapepeta. Na iliyofuata. Jumamosi saba mfululizo mtu mzima mwenye mabega kama mlango alikaa kwenye kigoda anapepeta maharage ya watu, anasikiliza habari za marehemu: alivyocheka, alivyopenda uji mzito, alivyougua.

"Aliugua nini, Mama?" aliuliza Jumamosi ya saba.

"Tumbo. Wengi waliugua mwaka ule. Ndiva ilipasuka, maji ya kunywa yakachanganyika na ya zizi la juu..."

Mama akaacha kupepeta. Akautazama ungo. Akamtazama Nakunda aliyekuwa mlangoni na miwani yake mipya.

"Basi aende," akasema mama. "Aende akatibu maji."

Kalutu alirudi.

Nakunda akaenda, akasoma, akamaliza, akarejea Ngulunde katika mwaka wa tano wa ile sita ya Baraza. Akaitisha msaragambo. Wakafukua pembe ya mashariki, wakajenga msingi mpya kwa udongo aliouchagua mwenyewe, maji ya kunywa akayatenga kwa bomba lake. Mwaka huo ndiva haikuvuja. Mwaka wa sita, masika makubwa yakaja, haikuvuja. Mzee Senzighe akasimama ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema: "Niliomba mmoja. Nimemwona. Somo lisifungwe."

Tena Baraza likaongeza. Washauri wasifundishwe juu tu, wala chini tu. Ijengwe nyumba katikati, pale penye ndiva, watu wa chuo na watu wa shule wafundishe pamoja. Atakayeshika ufunguo ndiye atakuwa Mkuu wa Mafunzo. Yeye ndiye atakayesema nani anafundishwa nini, na lini, na pamoja na nani. Watu wakaja na majembe. Nyumba ikasimama. Makande yakapikwa.

Na ilikuwa wiki hiyohiyo Namsifu alipostaafu. Alizikabidhi funguo zake, moja, mbili, mpaka kumi na moja. Alipotoka stoo hakuna aliyemsikia akija. Watoto walishtuka kumkuta tayari yuko mbele yao. Mara kwa mara mkono ulimponyoka ukaenda kiunoni, ukakuta kitambaa, ukarudi.

Siku ya makabidhiano ikafika. Wakasema ufunguo autoe Nakunda, kwa kuwa ndiye aliyeponywa na wote watatu na ndiye aliyeiponya ndiva. Makande yakapakuliwa, mvuke unapanda. Nakunda akasimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Anayedai aseme," akasema Mzee Senzighe, "na aseme wazi. Hapa si mahakamani."

Namsifu akasimama wa kwanza. Asingengoja huyo.

"Mimi sizunguki. Nautaka." Watu wakacheka kwa kumpenda. "Chekeni. Nautaka ufunguo huo. Mlisema mtoto anacheza, nani aliona? Mimi. Bila macho haya Daktari angepima nini, maji ya chai? Na Kalutu angerudi wapi? Mnataka kufundisha watu kuona, halafu ufunguo mumpe nani, mwenye miwani?"

"Miwani yangu, Bibi, au ya Daktari?" akauliza Nakunda, na kicheko kikazidi.

Daktari Mbonea akasimama. "Mama yangu amesema kweli. Lakini macho hayo yalikuwa dirishani miaka ishirini na miwili, na aliyefaidika ni aliyebahatika kupita dirishani. Nani aliyeteremka kuyafuata? Na nilipoteremka sikuja kama mkubwa. Nilisema nifundishe. Jaribuni ninyi kusema neno hilo mbele ya wanafunzi wenu tisa! Pili, Mama alitaka Nakunda awe msimamizi wa zamu za mfereji. Alimwona wa maji, ni kweli, akamwona mdogo. Nilipima, nikakuta mkubwa. Jicho lisilopimwa, jamani, linaweza kumpoteza mtu. Muulizeni Kalutu."

"Mtoa taarifa anakusikia!" akafoka Namsifu.

"Na mimi nakusikia, Mama," akasema Daktari, akaikunjua mikono yake. Makovu ya malengelenge yalikuwa bado yapo.

Kalutu alikuwa ameketi karibu na sufuria. Wakamwita mara mbili ndipo akainuka.

"Hawa ni wazazi wangu katika kazi hii. Lakini siku waliyoshikana mikono wakasema tumemaliza, barua ilikuwa chini ya mkeka. Mama aliona, Daktari alipima, na Nakunda alikuwa nyumbani anapepeta maharage. Nani alirudi?" Akainua daftari lake. "Na yale aliyoyaona Mama, yako wapi leo? Yamo katika daftari langu. Nilimuuliza umeonaje, akaniita funza, nikaandika. Wanafunzi wanasoma humo. Sasa kuna neno jingine, na kwa kuwa tumeambiwa tuseme wazi, nitalisema hata likinidhuru. Nilijua kurudi kwa sababu mimi hakuna aliyerudi kwangu. Kama Mama asingekosea juu yangu, Nakunda asingepata mtu wa kumrudia. Kwa hiyo sijui, jamani. Kurudi kule ni sifa yangu, au ni tunda la kosa lake?"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, kama ijuavyo Ngulunde. Waliotoka juu walisema asingeteremka Daktari, pasingekuwa na kitu. Waliotoka chini walisema Daktari aliteremka kwa sababu somo lake lilikuwa linafungwa, na mtu anayekimbia moto hasifiwi kwa mbio. Wapishi walisema Kalutu, maana ndiye mwanamume pekee waliyewahi kumwona akipepeta. Mmoja akajibu kwamba Kalutu ana miaka mingi mbele, atapata ufunguo mwingine. Mwenzake akamrukia: "Ufunguo ni wa anayestahili, au ni wa anayezeeka?"

Namsifu alimtazama Kalutu, akaliona lile jiwe alilolibeba miaka minane kwa neno lake. Alimtazama Daktari, akaziona zile nyayo za viatu vizuri kwenye tope la njia ya kuteremkia. Bado aliutaka ufunguo. Aliutaka mpaka kiuno kilimuuma. Na kwa kuwa hakuwahi kumdanganya mtu, hakuweza kujidanganya kwamba hautaki, wala kwamba wenzake hawana haki. Mkono ukamponyoka, ukaenda kiunoni, ukakuta kitambaa. Akaurudisha nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa pili ili utulie.

Nakunda akaliona hilo. Akamtazama Bibi Stoo, akamtazama Daktari, akamtazama Kalutu. Akanyoosha ufunguo mbele, ukaning'inia. Wote watatu walikuwa hatua sawa kutoka kwake.

"Ninyi mlinifundisha," akasema, "kwamba mtu asijibu kwa kumtazama usoni anayemuuliza. Sasa nikiwatazama ninyi nitajibu kwa mapenzi, na nawapenda wote. Basi sitawatazama." Akafumba macho, akawageukia waliokaa. "Nielekezeni."

Mko hapa mmekaa, na makande yanapoa. Aliyeona, aliyepima, aliyerudi: je, nani alistahili ufunguo?